Kofia Ambayo Sikuivua

Siku ile tulikuwa watu sita, na nitawataja wote kwanza, maana ukianza kusimulia bila kutaja watu unaishia kuwasingizia ambao hawakuwepo. Alikuwepo Manu, jina lake la kanisani Emmanuel, mtoto wa miezi minne na nusu, na ndiye aliyetukusanya. Alikuwepo mama yake, Mercy Nekesa, karani katika ofisi ya mawakili mjini, aliyekaa na mumewe Kileleshwa. Alikuwepo mama mkwe wake, Respah Naliaka, aliyetoka Bungoma kuja kusaidia kulea. Huyo nilimwita Kukhu, kwa sababu kwao nyanya huitwa hivyo. Alikuwepo Fredrick Odhiambo, mwendesha mashine, ambaye si ndugu yangu ila tulikunywa chai ya chupa moja kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwepo Daktari Salome Mutheu, aliyesoma picha. Na mimi Nyambura, ambaye wenzangu waliniita Shosh au Cucu, yaani nyanya, niliyekuwa nikilaza watoto.

Ndiyo, kulaza watoto ilikuwa kazi. Nyinyi mnaoingia sasa na vyeti vyenu mnaweza kucheka, lakini ngojeni siku mtakapokuwa na mashine ya MRI inayonguruma, daktari anayetaka picha ya ubongo kabla ya jioni, na mtoto mchanga ambaye hataki. Mashine ile hupiga picha kwa zaidi ya nusu saa. Mtoto akigeuza kichwa mara moja tu, picha inakuwa kama uji uliokorogwa. Na wale walioletwa kwetu hawakuletwa kwa mchezo. Wengi waliletwa kwa sababu kichwa kilikuwa kinakua haraka kuliko mwili, na mtu alitaka kujua kama kuna uvimbe ndani.

Shule niliishia darasa la nne, pale Muthangari, wakati kulikuwa bado na mashamba ya kahawa upande wa chini. Kwa hivyo sikuingia kituo kile kwa mlango wa wasomi. Niliingia na fagio.

Kituo chetu kilikuwa Westlands, chini kabisa ya jengo refu, kwa sababu mashine ile ni nzito na hakuna sakafu ya juu inayoitaka. Wiki yangu ya kwanza niliambiwa nisikanyage chumba cha mashine. Basi mlango uliachwa wazi, nikaona vumbi, na mimi vumbi siliwezi. Nilikuwa nimevaa funguo za stoo shingoni kwa kamba. Hatua ya pili, funguo zikanyanyuka zenyewe kifuani, zikasimama hewani zikielekea tundu la mashine, kama mbwa aliyesikia jina lake. Sikuogopa. Sema ukweli, Nyambura: nilifurahi. Nilisogea hatua nyingine nione zitafanya nini. Odhiambo ndiye aliyenivuta kwa aproni kutoka nyuma, akanitoa nje, akafunga mlango.

Baada ya kupata pumzi alinieleza kwamba ile ni sumaku, na sumaku haizimwi. Umeme ukikatika mji mzima, sumaku iko macho. Jumapili watu wakiwa kanisani, iko macho. Kijiko, kibanio cha nywele, pini ya nepi, vyote huitwa, na vinakwenda kwa kasi ambayo hutaki mtoto awe katikati. Nikamuuliza, kama ni sumaku, inapigaje picha? Sumaku haina macho. Akanitazama kama mtu ambaye hajaulizwa swali kwa miaka mingi.

Jibu lake nimelibeba mpaka leo. Alisema mashine haioni, inasikiliza. Mwilini mwetu kuna maji kila mahali, na sumaku huyapanga yale maji yasimame upande mmoja. Kisha mashine huyagonga, nayo yanapotulia yanatoa mlio mdogo mno ambao sikio halisikii. Mashine husikiliza ule mlio, na kutokana nao huchora. Ndiyo maana chuma ni adui mara mbili: kikubwa huruka, na kidogo, hata kile usichokiona, huyavuruga yale maji yaliyopangwa, na mahali hapo mashine haisikii kitu. Mahali isiposikia kitu huandika nyeusi.

Siku moja alinionyesha ubongo wa mtoto wa wiki tatu kando ya ubongo wa mtu mzima. Picha hizo mbili zilikuwa kama nguo moja iliyogeuzwa ndani nje. Palipong'aa kwa mkubwa palikuwa kijivu kwa mdogo. Nikauliza kwa nini. Akasema ubongo wa mtoto bado una maji mengi, haujakaza. Nilikwenda nyumbani nikafikiria hilo nikichambua mboga ya sukuma wiki. Nimezaa wanne, nimelea wajukuu saba, nimewabeba wote mgongoni, na sikujua kwamba nilikuwa nimebeba maji yanayojifunza kuwa mtu.

Aliyenitoa kwenye fagio ni Zipporah Kerubo, muuguzi wa Kisii, mrefu, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Zamani watoto wote walilazwa kwa dawa. Daktari wa usingizi alikuja, mtoto akafunga kula, akachomwa, akalala. Dawa bado ipo, na kwa wakubwa kidogo ndiyo njia. Lakini Kerubo alikuwa amejifunza mahali fulani kwamba mtoto wa chini ya miezi sita anaweza kulala mwenyewe ukimshibisha na kumfunga vizuri, na aliponisikia nikimbembeleza mtoto wa mtu pale barazani, aliniambia niweke fagio chini.

Siri haianzii kituoni, inaanzia nyumbani kwa mtoto. Unampigia mama simu jana yake. Unamwambia: kesho asubuhi usimnyonyeshe saa zile za kawaida, mcheleweshe kidogo, na njiani asilale, hata kama ni kumkuna nyayo kutoka Kangemi mpaka hapa. Afike na njaa na uchovu pamoja. Hapo ndipo ananyonya, anacheulishwa, anafungwa. Kumfunga, mikono chini kwanza, shuka la pamba lisilo na kifungo, kisha ule mfuko wenye chembechembe ndani ambao ukinyonya hewa unakuwa mgumu kama chungu na kumshika kote. Kerubo alifundisha usimwamini mtoto aliyefumba macho. Gusa kidevu. Kama mdomo unanyonya hewa, bado mnajadiliana. Kama hausogei, amekubali.

Na kelele. Mashine ikianza hugonga kama fundi wa mabati, halafu hubadilika ikawa pampu ya kisima, halafu kengele ya lori linalorudi nyuma. Watoto walikuwa wanashtuka pale sauti inapobadilika, wala si kwa sababu ya ukali wake. Basi nikajifunza zile sauti kwa mpangilio, na wakati wa kumbembeleza nikawa naziimba kwa mdomo: ta-ta-ta-ta, duuu, duuu, ki-ki-ki. Masikio yalizibwa, ndiyo, lakini mwili ulikuwa umeshazoea wimbo. Wageni walidhani nimerukwa na akili. Na niwaambie jambo nililoligundua mwenyewe: watoto wa Kileleshwa ndio waliokuwa rahisi kuliko wote. Pale kwao kila kiwanja kinajengwa ghorofa, nyundo na mashine ya zege tangu asubuhi, kwa hivyo mtoto wa Kileleshwa ukimweka mahali kimya anaamka kuuliza kumetokea nini.

Kanuni ya mwisho ya Kerubo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kabla ya mtoto kuingia, alisema, vua kila kitu, kisha mkono wako usome kichwa. Si kukitazama tu. Vidole vyote kumi, polepole, kama unatafuta chawa. Kile kijiti chetu kinacholia kikisikia chuma ni kizuri, lakini ni kijiti. Mkono ni mkono. Kerubo alistaafu akaenda kwao Nyamira, na kwa miaka nilifanya alivyoniambia, kila mtoto, kila siku.

Isipokuwa Manu.

Manu aliletwa siku ya Jumanne. Nekesa alikuwa amekonda usoni kama mtu anayemlisha mwingine nyama yake. Alinieleza huku akivua viatu vya mtoto. Manu alikuwa anatapika kila asubuhi. Macho yake yalikuwa yanaangalia chini muda wote, kama aliyedondosha kitu kifuani. Na kichwa kilikuwa kinakua. Katika mwezi mmoja kilikuwa kimeshinda kofia mbili. Aliyoivaa siku hiyo ilikuwa ya tatu, ya sufu ya kijani, aliyoifuma Kukhu mwenyewe.

Daktari wa upasuaji alikuwa ameshapanga kumfungua kesho yake asubuhi, ila alitaka kujua kwanza kilichokuwa ndani kiko wapi na kimeshika nini. Alitaka picha kabla ya saa kumi jioni. Na dawa ya usingizi haikuwezekana, kifua cha Manu kilikuwa kimejaa mafua na daktari wa usingizi alisema hamgusi kwa ajili ya picha kama kuna njia nyingine. Njia nyingine nilikuwa mimi.

Alinitesa, yule mtoto. Ananyonya, anatapika. Analala, anakohoa, anaamka. Tayari alikuwa na sindano ya plastiki mkononi kwa ajili ya ile dawa ya kung'arisha picha, nayo ilimuudhi. Kukhu Naliaka alikaa kando, na kila nilipoelekeza mkono kichwani alisema kwa upole, "Kofia mwachie. Ana mafua." Mara ya tatu ndipo Manu aliposalimu amri. Niligusa kidevu, kimya. Nilipitisha kijiti juu ya kofia, kimya. Nikakunja kingo za kofia masikioni tu, nikatia vizibo. Kamba ya kofia ilikuwa imefungwa kwa fundo chini ya kidevu kile kile nilichokuwa nimekituliza kwa saa moja na nusu. Nikaiangalia. Ni sufu, nikajiambia. Sufu haina chuma. Nikachukua fomu, na palipoandikwa kichwa nikaweka tiki.

Tulitoka, Odhiambo akaanza. Nekesa na Kukhu walikaa kwenye benchi nyuma yetu. Walikuwa wanatuona sisi, ila skrini hawakuiona.

Haikuchukua muda. Odhiambo alisimamisha mashine akaniita kwa sauti ya chini. "Shosh, hebu ona hii." Juu ya kichwa cha Manu, pale utosini, kulikuwa na weusi mkubwa, kama karatasi iliyochomwa na sigara, na kando yake ubongo ulionekana umepinda, kama unavutwa. Kwa chini, katikati, kulikuwa na kivuli cha kitu, lakini ule weusi ulikuwa umekula nusu yake.

Alimwita Daktari Mutheu, naye akaja akainama muda mrefu. Huyu ni mwanamke asiyependa kusema kabla hajajua. Alisema weusi wa namna ile ni mambo mawili, damu au chuma, na vyote viwili huandika sawa. Alisema hapendi jinsi ulivyokula mpaka ngozi ya nje, damu haina tabia hiyo. Kisha akaomba fomu.

"Kichwa kilikaguliwa?"

Odhiambo akasema kuna tiki. Daktari akanigeukia mimi.

"Cucu, ulikagua?"

"Ndiyo, Daktari," nikasema.

Wajukuu, maneno mawili hayo. Nimesema uongo mwingi maishani, kwa mume, kwa mwenye nyumba, kwa kasisi. Ila huo ndio ninaoujua rangi yake.

Basi daktari akafanya lililobaki kufanywa. Kama hakukuwa na kitu nje, kilikuwa ndani. Alikwenda kwenye benchi akachuchumaa mbele ya Nekesa, akamuuliza kwa sauti ya heshima kama Manu aliwahi kuanguka. Kitandani, bafuni, mikononi mwa mtu. Nekesa akasema hapana. Daktari akamuuliza mchana anabaki na nani. Nekesa akamtazama mama mkwe wake, na mama mkwe wake akatazama sakafu. Daktari akamwambia ukweli, kama ilivyompasa. Kama ni damu, daktari wa upasuaji hataingia kesho alivyopanga. Na mtoto mchanga akipatikana na damu kichwani bila sababu, kuna watu wa ustawi wa watoto ambao lazima waje kuuliza.

Nekesa hakulia. Alisema tu, "Sijamwangusha mtoto wangu," kisha akairudia, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole mahali Manu alipolala kila siku ya wiki ile, kitanda hiki, kiti kile, kama mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe ili alitoe, liishe.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili kustaafu. Nilijua nikisema, ile miaka yote itakuwa na doa. Nilikuwa pia na kile kijisauti kinachokwambia: huenda ni damu kweli, subiri wajue kwanza. Nilimtazama Kukhu Naliaka, naye alikuwa ananitazama mimi, na usoni mwake niliona kitu ninachokifahamu kwa sababu nilikuwa nacho pia.

Nikasema, "Daktari, sikuvua kofia. Niliweka tiki, lakini sikuvua."

Odhiambo aligeukia ukuta. Daktari Mutheu hakunigombeza. Alisimama akasema tumtoe mtoto. Tulipomtoa Manu na mikono yangu ikaenda kwenye lile fundo, Kukhu alikuja akanisogeza kando kwa bega.

"Usimfungue wewe," akasema. "Nitamfungua mimi."

Chini ya ile kofia ya kijani, utosini, kulikuwa na bonge la udongo mwekundu uliokauka, upana wa kifuniko cha chupa ya maziwa, umechanganywa na masizi na mafuta, na majani fulani yaliyopondwa. Nekesa aliutazama kama amemwona nyoka.

"Mama, hii ni nini?"

"Utosi ulikuwa umepanda," Kukhu akasema. "Kwetu utosi wa mtoto ukipanda hatukai tukiutazama. Nyinyi mlisema tungoje hospitali. Nilingoja wiki mbili. Alfajiri ya leo nikafanya ninachojua."

"Na ulikuwa uniache niulizwe kama nimemwangusha."

Kukhu alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, na mwanawe alikuwa amemkataza kabisa mambo ya dawa za kienyeji. Hilo nililijua baadaye. Pale alisema tu, polepole, "Nilifikiri nimemuua."

Aliyefuata kusema ni Daktari Mutheu, kwa udadisi wake. Alichukua chembe ya ule udongo kwa ukucha, akaunusa, akauliza ni udongo gani. Kukhu akasema ni wa kichuguu, wa nyuma ya boma lao, aliubeba kutoka Bungoma kwenye mfuko wa unga. Daktari akasema basi hilo ndilo jibu, Kukhu amempaka mtoto chuma. Kukhu akakataa, udongo ni udongo. Odhiambo, ambaye alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake muda wote, akarudi akamwuliza kwa nini anafikiri ni mwekundu kama kutu.

Tuliuondoa, sisi nyanya wawili, kwa mafuta ya mtoto na pamba na maji ya uvuguvugu. Polepole, maana utosi ni mlango usio na ubao, unaugusa na unahisi maisha yakigonga kutoka ndani. Yeye analainisha, mimi nafuta. Hata pamba ilipotoka nyeupe niliendelea kufuta. Daktari akapita kwa jicho lake, mimi nikapita kwa vidole kumi.

Lakini Manu sasa alikuwa macho, ameoga, na hana njaa. Saa ilikuwa inakaribia nane. Nekesa alimnyonyesha, akakataa. Alimbeba, akalia. Hasira ya Nekesa ilikuwa inamfikia mtoto kupitia mikono, na hilo si kosa la mama, watoto husoma mikono. Nikamwomba anipe. Nikaanza wimbo wangu wa mashine, ta-ta-ta-ta, duuu, nikimtembeza. Kukhu alinitazama kwa huruma, akamnong'oneza Odhiambo kuuliza kama huwa nashikwa hivi mara nyingi. Odhiambo akamweleza. Basi Kukhu akasimama, akaja upande wa pili, akaanza bembelezi la kwao, la Kibukusu, kwa mdundo ule ule wa mashine. Mimi napiga duuu, yeye anaweka maneno juu yake. Kwenye ki-ki-ki alipotea kabisa, akacheka, na Nekesa, ambaye alikuwa amekaa ametupa kisogo, mabega yake yakatikisika. Sijui kama alicheka au alilia. Manu alipiga miayo. Saa tisa na robo, kidevu kilikuwa kimya.

Weusi haukuwepo. Picha ilikuja safi kama shuka, na baada ya ile dawa ya mshipani, kile kitu cha katikati kikang'aa. Kilikuwa kimekaa ndani ya chumba cha maji kilichomo katikati ya ubongo, kimejikunja-kunja kama koliflawa. Daktari Mutheu alivuta kiti karibu. Alisema hakuna damu. Alisema uvimbe wa namna hii hutengeneza maji kupita kiasi, ndiyo maana kichwa kilijaa, na kwamba kwa watoto wachanga umbo kama hili mara nyingi si lile baya, la saratani, ingawa hatasema zaidi mpaka utolewe na kupimwa. Akaigeuza skrini ili Nekesa aone.

Kukhu aliuliza kutoka nyuma kama anaweza kuona pia. Nekesa alisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Kukhu akatazama.

"Hicho ndicho kilichokuwa kinasukuma utosi?"

"Ndicho."

"Basi utosi haukusema uongo."

"Haukusema uongo, Kukhu," Daktari akasema. "Ungetuambia tu umeuona."

Picha ilifika kwa daktari wa upasuaji saa kumi kasoro dakika kumi. Manu alifunguliwa asubuhi yake. Uvimbe ulitoka wote, ukapimwa, ukawa si ule mbaya.

Mimi niliomba ile fomu, nikapiga mstari juu ya tiki yangu, nikaandika kando kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: sikuvua kofia. Meneja alinipa barua ya onyo, na ilikuwa haki. Lakini fomu ilibadilishwa, na hili ndilo nataka mlishike nyinyi mnaoanza. Pale penye kichwa hapana tena kisanduku cha tiki. Kuna mstari mtupu, na lazima uandike ulichogusa. Nywele laini. Upele mdogo nyuma ya sikio. Utosi umeinuka. Tiki hukubali kuwekwa na mkono wowote, lakini mkono ambao haujagusa hauna la kuandika kwenye mstari.

Sikutosheka, mnajua nilivyo. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio yangu iliyokufa, nikaifunga kwa karatasi ya nailoni, nikaenda nayo nyuma ya nyumba nikaiburuta kwenye udongo mkavu. Ilirudi ina ndevu. Ndevu nyeusi, fupi, zimesimama. Nikajaribu udongo wa kwa jirani, nikajaribu mchanga wa fundi anayejenga, masizi ya jiko, wanja wa mjukuu wangu, ule wanja wa macho, nao ukatingishika kidogo, nikamwambia siku ukipigwa picha ya kichwa uje na uso wako wa kuzaliwa. Nilimpelekea Daktari Mutheu ile sumaku yenye ndevu. Aliiweka juu ya meza yake ofisini, mbali na mashine, na alikuwa akiwaonyesha wanafunzi. Aliwaambia pia wawaulize nyanya, kabla ya kuwauliza akina mama, ni nini kilichopakwa. Na waulize kwa adabu.

Nekesa na Kukhu hawakusemezana mpaka Pasaka. Sasa wanasemezana. Manu ana miaka mitatu. Nekesa alinitumia picha yake kwa simu, amepanda juu ya kiti na anataka kupanda meza. Mkono wake wa kushoto bado mzito kidogo. Nekesa hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamwuliza.

Majina nina hakika nayo, na kofia ilikuwa ya kijani. Saa nimezitaja ninavyozikumbuka. Ila kuna jambo moja. Kati ya pale niliposema "Ndiyo, Daktari" na pale niliposema sikuvua kofia, nimekuwa nikijiambia zilipita dakika mbili. Odhiambo alikuwepo, Daktari Mutheu alikuwepo, na Nekesa alikuwa anahesabu kwa vidole. Kama mmoja wao atasoma haya na kwake ilikuwa zaidi ya dakika mbili, aniambie ni ngapi, nami nitaandika upya.